Usipige Magoti Penye Mkanda

Mastulah alinipigia magoti mimi. Naanza hapo, kwa sababu hapa Mbarara bado wapo wanaosema ni jini la mashine lililomchukua, na wengine wanasema alikuwa anasinzia kazini. Hakuwa anasinzia. Aliniona nikiingia mlangoni na birika la chai, akaweka debe la mahindi chini, akapiga magoti kunisalimia, kama nilivyomfundisha mwenyewe tangu akiwa na miaka sita.

Hakuwa mjukuu wangu wa damu. Mama yake alikuwa jirani yangu, na alipofariki nilimchukua nikamlea pamoja na Swabulah, mtoto wa binti yangu. Walilala mkeka mmoja na kula sahani moja. Sisi ni Waislamu wenye asili ya Masaka, wazazi wangu walikuja Mbarara kuuza chumvi na vitambaa. Kwetu mtoto wa kike hamsalimu mkubwa akiwa amesimama. Anaweka chini alichobeba, anapiga magoti, anainamisha kichwa, na anabaki hapo mpaka habari za nyumbani zimeulizwa zote. Wale wawili niliwafundisha kwa maneno mazuri, na siku nyingine kwa fimbo ndogo ya mforosadi. Watu walikuwa wakinisifu barabarani. Walisema wasichana wa Jajja Zuhurah, yaani bibi Zuhurah, wana adabu.

Mwaka themanini na nane wote wawili walikuwa wakifanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya Hajji Hudu, nyuma ya soko. Injini ya dizeli ilikaa mwisho wa chumba, mashine yenyewe karibu na mlango, na katikati yao ulipita mkanda mrefu, mpana kama viganja viwili, unaozunguka bila kifuniko chochote. Mtu akisimama, mkanda ulikuwa chini ya kiuno chake. Akipiga magoti, ulikuwa usawa wa uso wake. Nilikuwa nimeingia chumba kile mara mia, na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Siku hiyo fundi alikuwa ameenda kuswali Alasiri, ameiacha injini ikinguruma, kwa kuwa kuiwasha kulitaka wanaume wawili wenye nguvu. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuizima.

Mastulah alipoinamisha kichwa, upepo wa mkanda uliinua ncha ya mtandio wake. Niliona kitambaa kikinyooka, kama mtu amekivuta upande wa pili. Kisha kichwa chake kikafuata. Sikusikia sauti yake, injini ilikuwa na kelele mno. Nilichoona ni miguu yake ikipiga sakafu, kiatu kimoja kikiruka mpaka kwenye mizani, na unga mweupe ukutani ukiwa mwekundu.

Nasani, mbeba magunia, alikuwa karibu. Alikuwa kijana mwema, aliyekuwa akinibebea kikapu bila kuombwa. Alimkimbilia Mastulah, akamkumbatia kiunoni na kuvuta. Mkanda ukamchukua mkono wa kulia, ukaupitisha chini ya gurudumu, ukaurudisha haufanani na mkono. Na mimi nikakimbia. Nilimshika Nasani mgongoni, nikavuta, na kwa kuvuta kwangu nikamwangusha juu ya mkanda mara ya pili. Swabulah alikuwa anakuja nyuma yangu. Tungekwenda sote.

Mtu mmoja peke yake hakuja upande wetu. Alikuwa mwanamume mrefu aliyeleta mahindi kwa baiskeli kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Alituruka, akakimbia kuelekea nyuma ya chumba, na watu wakadhani anakimbia damu. Alichomoa panga kwenye gunia lake na kukata bomba la dizeli. Injini ikakohoa, ikapunguza mwendo, ikafa.

Katika ule ukimya ndipo tuliposikia Nasani analia.

Faruku, mdogo wake Hajji Hudu, aliingia wakati huo. Alikuwa msimamizi pale, mtu wa kanzu safi na bakora yenye kichwa cha fedha. Aliona bomba lililokatwa kabla ya kumwona Mastulah. Alimpiga yule mtu wa Nakivale mdomoni kwa kichwa cha bakora, akampiga tena alipoinama, akauliza nani atalipa injini. Yule mtu hakurudisha. Alitema jino kwenye kiganja, akavua shati lake, akafunga nalo bega la Nasani mpaka damu ikapungua. Kisha akachukua gunia tupu, akalikung'uta unga, akamfunika Mastulah taratibu kama mtu anayefunika mtoto asiamke. Jina lake lilikuwa Eriya.

Tulimzika mwanangu siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Wanawake waliomwosha walinizuia nisimwone kichwa. Nawashukuru hadi leo.

Siku ya tatu Eriya alikuja kwenye matanga, mdomo umevimba, amebeba ndizi. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia kambini, na Kiswahili chake alikipata kwenye mgodi wa shaba huko magharibi alikofanya kazi miaka tisa. Nilimuuliza kitu kilichokuwa kinanila: kama ningevuta vizuri zaidi, mtoto angepona? Mtu mwingine angenidanganya ili nilale. Yeye alifikiri, akasema Mastulah asingepona, lakini mkono wa Nasani ungepona kama sote tungemwacha na kukimbilia injini.

"Jajja, mashine haina huruma hata kama wewe unayo mingi," alisema. "Usikimbilie mutu. Kimbilia injini. Kule mgodini walitufundisha hivyo kabla hawajatupa hata koleo. Hapa nani aliwafundisha?"

Nilikaa na swali hilo. Mimi nilikuwa nimewafundisha wasichana wangu kufua, kuswali, kupika na kupiga magoti. Hajji Hudu alikuwa amewafundisha mahali pa kumwaga mahindi. Basi.

Miezi minne baadaye Hajji alinunua mashine nyingine akaipeleka Nakivale, karibu na maduka ya kitongoji cha Misiera, kwa sababu watu wa kambini walikuwa wakivuna mahindi mengi na kuyabeba mwendo mrefu. Hajji si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hapendi kuona gurudumu limesimama. Alimtafuta Eriya awe fundi huko, na Eriya akakubali kwa sharti moja, kwamba injini isiwashwe mpaka kila mfanyakazi amefundishwa siku tatu. Faruku alicheka sana aliposikia. Aliuliza kama watoto wa shule hiyo watapewa na sare. Hata hivyo Hajji alikubali, kwa shingo upande.

Swabulah akaniambia anataka kwenda. Nilimkatalia. Nilimwambia ninaye mmoja tu aliyebaki, na mashine haitamla. Hakubishana nami. Aliendelea kuchambua mchele, akasema kwa upole kwamba anataka kujua kile ambacho Mastulah hakuambiwa. Wiki nzima nilimnunia. Mwishoni nikafunga mkeka wangu na wake pamoja, nikiwa nimekusudia moyoni kwamba hatari ya kwanza nitakayoiona, tunarudi siku hiyo hiyo.

Nakivale tulipokewa vizuri. Mwanamke mmoja aitwaye Medius, Mnyarwanda mrefu mwenye mdomo usiolala, alitupa chumba nyuma ya nyumba yake na hakutuuliza tutakaa mpaka lini. Naye alikuwa ameajiriwa kwenye mashine, kupokea magunia.

Siku ya kwanza ya mafunzo Eriya alichora mstari mwekundu sakafuni kuzunguka injini, mkanda na mashine. Alikuwa ametengeneza uzio wa mbao kufunika upande wa nyuma wa mkanda, lakini upande wa mbele, penye mdomo wa mashine, mbao zilikuwa hazijatosha. Alisema mbao nyingine ameziomba kwa Hajji, na mpaka zifike mstari ndio uzio wetu. Ndani ya mstari hapakuwa na nguo inayoning'inia, wala kiatu kilicholegea, wala kuinama, wala kumpa mtu mkono. Kitambaa cha kichwa kilifungwa kama kofia na ncha zake zikapenyezwa ndani. Kisu kilitundikwa msumarini kwa ajili ya kukata nguo, na hakuna aliyeruhusiwa kukimenyea hata chungwa. Na wakati wote injini inapozunguka, mtu mmoja lazima awe hatua tatu kutoka kwenye chuma cha kuzimia injini, kile kinachovutwa kwa mkono.

Medius aliuliza vipi kuhusu kusalimiana. Eriya akasema ndani ya mstari hakuna salamu zaidi ya kutikisa kichwa. Medius akasema basi mume wake amekuwa ndani ya mstari miaka kumi na miwili. Tulicheka, hata Eriya, akifunika pengo la jino lake.

Nilidhani mimi nimekuja kumlinda Swabulah tu na kupepeta mahindi. Eriya alinisimamisha na wengine. Alisema mtu aliyekaa karibu na injini kutwa nzima ni mimi, kwa hiyo chuma cha kuzimia ni changu. Nilimwambia mimi ni mzee. Akanifunga macho kwa kitambaa, akanizungusha, akaniambia nikitafute. Mara ya kwanza nilishika ukuta. Mara ya pili nilimshika Medius matiti, akasema hapo hapazimiki. Mara ya ishirini mkono wangu ulikwenda wenyewe. Akatufundisha pia kwamba ukishavuta chuma, injini haifi papo hapo. Gurudumu zito linaendelea kwa kuhesabu kumi. Tulihesabu pamoja kwa sauti, mara nyingi, ili tujue urefu wa kumi.

Lakini somo gumu lilikuwa la magoti. Eriya alitoka nje, akaingia kama mgeni, akasema asalaam aleikum, na magoti ya Swabulah yakakunjika kabla yeye mwenyewe hajajua. Akapiga makofi, akamsimamisha. Akatoka, akaingia. Magoti yakakunjika. Siku mbili nzima. Nilimwona mtoto anatokwa jasho kwa kazi ya kusimama wima.

Siku ya tatu Eriya aliniambia niingie mimi, na birika mkononi.

Nilisimama mlangoni muda mrefu. Niliingia. Swabulah alinitazama, mikono yake juu ya debe, na magoti yake yakatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Hayakukunjika. Alitikisa kichwa, akasema, "Jajja," na kuendelea kumwaga mahindi. Uso wangu uliwaka. Katika maisha yangu yote hakuna mtoto aliyenisalimu hivyo. Nilikwenda nyuma ya magunia nikalia, na Eriya akanifuata na maji katika kikombe.

"Heshima yako anaiweka hapo nje ya mlango," alisema. "Akitoka atakupa yote."

Tulifanya kazi miezi miwili bila hata mkwaruzo. Watu wa kambini walizoea mstari, wakawa wanawafokea wageni wanaoukanyaga.

Kisha Faruku akaja.

Alifika na gari la Hajji asubuhi, akiwa na wazee wawili kutoka Masha. Alikuwa anaposa binti wa mmoja wao, na alitaka waone mali ya familia na jinsi watu wanavyomheshimu. Alivaa kanzu mpya nyeupe iliyofika kwenye vifundo vya miguu, koti juu, na ile bakora. Eriya hakuwapo, alikuwa ameenda kuchota maji ya kupozea injini. Medius alikuwa kwenye mizani. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, hatua tatu kutoka kwenye chuma. Swabulah alikuwa kwenye mdomo wa mashine, anamwaga.

Wazee wa Masha walisimama mlangoni kwa adabu. Faruku akavuka mstari. Nadhani hakuuona hata kuuona, kwa mtu kama yeye rangi ya sakafuni ilikuwa rangi tu. Alisimama mbele ya Swabulah, akangoja.

Swabulah alitikisa kichwa, akasema karibu.

Faruku aligeuka kuwatazama wazee, akacheka, kama mtu anayesema mtoto amesahau. Akarudi kwake. Akamwambia asalimie vizuri. Injini ilikuwa na kelele, lakini nilisoma midomo yao, na maneno mengine Medius aliniambia baadaye.

"Rudi nyuma ya mstari, sebo," Swabulah alisema, akimwita bwana kwa adabu zote. "Natoka sasa hivi nikusalimie huko."

"Unaniamuru? Kwenye mashine yangu?"

"Hapa hatupigi magoti. Mastulah alipiga."

Bakora ilimpiga sikioni. Niliona damu ikitoka mara moja, nyembamba, ikishuka kwenye shingo. Alishika ukingo wa mdomo wa mashine kwa mikono yote miwili ili asianguke upande wa mkanda, na akabaki amesimama. Faruku akampiga mkono, hapo kati ya kiwiko na kiganja, na hata katika kelele ile nilijua mfupa umevunjika, kwa jinsi mkono ulivyopata pembe mpya. Alimwambia apige magoti. Swabulah alibaki wima. Faruku akatupa mkono kumshika mtandio amvute chini, lakini hapakuwa na ncha ya kushika, vidole viliteleza. Basi akamshika shingo kwa nyuma na kumsukuma chini, chini, kwa nguvu zake zote, kuelekea pale ambapo uso wa Mastulah ulikuwa.

Nilikuwa nimeshasimama. Kila kitu ndani yangu kilikwenda kwa mtoto. Mikono yangu ilikuwa mbele, kama ile siku nyingine. Hatua sita tu na ningekuwa na kanzu ya Faruku mikononi mwangu, na ningeiuma kwa meno.

Medius akapaza sauti. Hakukimbia, alisimama kwenye mizani na kupaza sauti kama tulivyofundishwa.

"Injini! Jajja, injini!"

Nikampa Swabulah mgongo. Sitaki mtu yeyote aijue hatua ile. Hatua tatu, nikiwa simwoni, nikijua kinachofanyika nyuma yangu. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilivuta chuma mpaka mwisho, nikakishikilia, nikageuka, nikaanza kuhesabu.

Moja. Swabulah alikuwa amejipinda akawa ubavu kwa mkanda, mguu wake umekaza kwenye mguu wa mashine. Mbili. Faruku aliinua bakora tena, na kwa kuinua, pindo la kanzu yake lilipepea. Tatu. Mkanda ukalichukua. Alishangaa kwanza, aliangalia chini kama mtu aliyekanyagwa. Nne. Kanzu ilipasuka mpaka kiunoni lakini haikuachia, ikamkalisha, ikamvuta kwa mguu. Alimwachia Swabulah. Alikamata sakafu kwa kucha. Tano. Goti lake likafika kwenye gurudumu. Sita. Hapo nilisikia, kwa sababu injini ilikuwa imeanza kushusha sauti. Ni mlio kama wa kuni mbichi zinazovunjwa. Alipiga kelele kwa jina la mama yake. Saba. Mmoja wa wazee wa Masha alikuja mbio na mikono mbele, na Medius alimpiga kikumbo cha kifua akamtupa kwenye magunia. Nane. Mguu ulikwenda mara moja zaidi, kidogo, na ngozi ikaja juu ya mkanda. Tisa.

Kumi.

Eriya aliingia akikimbia, ndoo mbili bado mikononi. Alitukuta tumeshavuka mstari. Medius alikuwa anakata kanzu kwa kisu cha msumarini. Swabulah, mkono mmoja umening'inia, damu ya sikio imefika kifuani, alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amepiga magoti kando ya Faruku kwa sababu mashine ilikuwa imesimama, na kwa mkono wake mzima alibana paja la yule mwanamume pale ambapo Eriya alituonyesha katika mafunzo. Aliniita nilete mbao mbili. Nilileta. Tulifunga mguu ule kwa mbao na vitambaa vyetu vya kichwa. Faruku alimtazama mtoto usoni wakati wote, meno yake yakigongana.

Yule mzee ambaye Medius alimwangusha alipanda nyuma ya gari, akaweka kichwa cha Faruku mapajani mwake, akamfunika kwa koti lake mwenyewe njia nzima mpaka hospitali mjini Mbarara. Swabulah alikuwa mbele na mimi. Kila gari lilipopiga shimo, wawili wao waliguna pamoja.

Faruku alipopata fahamu alimwambia kaka yake kwamba msichana alimsukuma kwenye mkanda. Hajji Hudu alikuja kwenye kitanda cha mtoto wangu akiwa amekunja uso. Lakini wale wazee wa Masha hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamekaa siku nzima nje ya wodi, na walimweleza Hajji jambo moja baada ya jingine, nani alivuka, nani alipiga, nani alizima. Hawakuwa na haja ya kusema, walikuwa wageni na posa bado iko mezani. Yule mwenye binti aliongeza kwamba kuhusu harusi, binti yake ataomba mwaka mmoja wa kufikiri.

Hajji alivuta kigoda karibu na kitanda. Baadaye akaniambia mguu wa Faruku utabaki, daktari amesema, ingawa goti halitakunjika tena. Alisema kama injini ingeendelea kidogo angezikwa. Aliniuliza nilijuaje. Nikamwambia nilifundishwa, siku tatu, zile zile alizozihesabu kuwa hasara.

Ndipo akasema yuko tayari kumchukua Swabulah nyumbani kwake, amsaidie mke wake jikoni, kazi nyepesi, asikaribie mashine tena. Alisema kwa moyo mzuri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Hatari ya kwanza ilikuwa imekuja. Mkeka ulikuwa umeshafungwa kichwani mwangu. Jikoni kwa mke wa Hajji mtoto angeungua kidole, si zaidi.

Swabulah alifungua jicho. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba mpaka shavu halikuwa na umbo.

"Nataka mashine ya hapa mjini," alisema. "Ile ya Mastulah. Kuna wasichana watatu wapya pale, Jajja. Fundi bado anawaacha akienda kuswali."

Hajji alinitazama, akingoja nimkataze. Nilimwangalia mtoto mkononi, kwenye plasta, na sikioni, ambako daktari alisema hatasikia vizuri tena. Niliwaza nimpeleke wapi ambako hakuna mkanda. Nikawaza wale watatu, ambao siwajui majina, na ambao kila mmoja ana bibi aliyemfundisha adabu.

"Mpe, Hajji," nikasema. "Zima mashine siku tatu, na umlete Eriya. Na Faruku akitoka hapa afundishwe wa kwanza."

Hajji alisema Faruku hatakubali. Nikamwambia basi asiingie tena chumba chenye mkanda, hata kama ni chake. Alifuta uso kwa leso, akaondoka. Baada ya wiki tano akatuma mtu na ufunguo.

Injini ilikuwa baridi siku tulipoingia. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya, na sikuutazama sana. Wasichana watatu walikaa kwenye magunia pamoja na fundi na wabeba mizigo. Nasani alikuja pia, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini, kwa sababu Eriya alimwomba awaambie watu kwa kinywa chake jinsi alivyokimbia na alikokimbilia. Medius alikuwa amesafiri kutoka Nakivale na mapipa mawili ya vichekesho.

Faruku alifika mwisho. Alikuja kwa magongo, mguu umenyooka kama mti, kanzu imekatwa juu ya goti. Alisimama mlangoni na hakuna aliyejua amsalimie vipi. Nilidhani atarudi. Medius, ambaye alikuwa amemwita majina mengi tangu siku ile, alimtazama mguu ule usiokunjika, akajisogeza, akasogeza na gunia, akamtengenezea nafasi ndefu ya kuuweka. Faruku akakaa. Walikaa bega kwa bega.

Eriya alimwachia Swabulah aanze. Mkono wake bado ulikuwa kwenye kitambaa shingoni. Aligeuza sikio lake zima upande wa watu, akauliza mtu akikamatwa na mkanda, wewe uliye karibu utakimbilia wapi. Wasichana wakainamisha vichwa. Fundi akakuna ndevu.

"Injini," alisema Faruku, akiangalia sakafu.

"Onyesha kwa mkono, sebo."

Alichukua muda kunyanyuka. Nasani alimpa bega la upande uliokuwa mzima, wakaenda wote wawili, taratibu, mpaka kwenye chuma.